Mcheza kwao hutunzwa: misemo ya ngoma na safari yake hadi bonde la Ruzizi

Hakuna mwanafunzi wa Kiswahili asiyeijua methali "Mcheza kwao hutunzwa". Mwalimu huifundisha darasani, mtangazaji wa mpira huikumbuka timu ya nyumbani inaposhinda, na mwanasiasa huitaja jukwaani anapoomba kura. Katika bonde la Ruzizi nilikozaliwa, kijijini Mutarule, kati ya Uvira na Bukavu, methali hiyo husikika pia katika mazungumzo yasiyohusu ngoma wala mpira. Husikika watu wanapobishana nani ni mwenyeji na nani ni mgeni, nani ana haki ya kulima hapa na nani ana haki ya kukalia kiti cha mwami. Hapo neno dogo "kwao" hubeba mzigo ambao mtunga methali, nadhani, hakuukusudia.

Katika makala haya nataka kueleza asili ya baadhi ya misemo na utani unaohusu ngoma, muziki na wachezaji, kama tunavyoitumia upande wetu wa Ziwa Tanganyika. Hoja yangu ni moja. Msemo wa ngoma huhifadhi desturi za uwanja ulikozaliwa. Ukihamia uwanja mwingine, maneno hubaki yale yale lakini desturi ni nyingine, na maana huhama bila kuaga. Kwa hiyo anayetafuta asili ya msemo asianze na hadithi tamu anayosimuliwa. Aanze uwanjani: nani alicheza, nani alitoa pesa, ngozi iliwambwaje, watu walikesha mpaka saa ngapi.

Kutunza ni kufanya nini?

Tuanze na kitenzi. Katika Kiswahili sanifu cha leo tumezoea kutenganisha maneno mawili. Kutuza ni kutoa zawadi, na ndiko linakotoka neno tuzo. Kutunza ni kuangalia kitu au mtu asidhurike. Lakini katika lugha ya ngoma na taarabu za pwani, kutunza kuna maana nyingine iliyo hai mpaka leo: ni kuinuka ulipoketi, kwenda kwa mwimbaji au mchezaji, na kumpa pesa mbele ya watu wote. Ndiyo maana methali yetu huandikwa kwa namna mbili, "hutunzwa" na "hutuzwa", na zote mbili zinakubalika.

Tukiijua desturi hiyo, methali inaeleweka bila fumbo. Anayetunza hatoi ujira wa kazi. Anatoa heshima, na anatoa hadharani ili ionekane. Wanaoinuka kwanza ni shangazi, mjomba, jirani, rafiki wa utotoni. Siku nyingine wao watakuwa na harusi yao, na aliyetunzwa jana ataona haya akibaki kitini. Mchezaji aliyekwenda ugenini anaweza kucheza vizuri kuliko wote, lakini hana mtu wa kuinuka kwa ajili yake. Methali hii, basi, ilianza kama jambo lililoonekana kwa macho kuhusu mzunguko wa zawadi. Haikuwa sheria ya nani akae wapi.

Sasa uisikie Uvira. Kwetu, kutunza ni kuhifadhi: unatunza pesa, unatunza mtoto, unatunza siri. Ile maana ya kumpa mwimbaji noti haipo katika Kiswahili chetu cha kila siku. Kwa hiyo kijana wa Sange au Luberizi akiisikia methali hii, anaelewa kwamba aliye kwao hulindwa. Zawadi imegeuka kuwa ulinzi, na hakuna herufi hata moja iliyobadilika.

Ushahidi wa kiambishi

Tunajuaje kwamba msemo huu ulitoka pwani, haukuzaliwa ziwani? Sarufi yenyewe inatuambia. Tazama kiambishi hu- katika "hutunzwa". Katika Kiswahili cha pwani na cha shule, hu- huonyesha mazoea. Katika Kiswahili cha mashariki ya Kongo, mazoea hayaelezwi hivyo. Sisi hutia -ka mwishoni mwa kitenzi: anachezaka, wanaimbaka, inapasukaka. Muuza samaki wa Uvira anaweza kuzungumza kutwa nzima bila kutamka hu- hata mara moja. Akiitamka, aghalabu yumo ndani ya methali, wimbo wa kanisa au somo alilolikariri. Kiambishi hicho ni kama muhuri wa forodha: kinaonyesha mzigo ulikopita.

Njia uliyopita mzigo huo inajulikana. Richard Burton na John Speke walipofika Uvira mwezi Aprili 1858, walikuwa wakifuata njia ambayo wafanyabiashara wa pwani walikwisha kuizoea kupitia Ujiji. Miaka ya 1880 Muhammad bin Khalfan, aliyejulikana zaidi kwa jina la Rumaliza, alikuwa na nguvu kubwa katika kaskazini ya ziwa, na biashara yake ya pembe za ndovu na ya watumwa iliendeshwa kwa Kiswahili. Hatupaswi kusahau kwamba lugha tunayoipenda ilifika kwa wengi wetu pamoja na mnyororo. Baadaye zilikuja shule za misheni, kisha vita. Majeshi ya Wabelgiji yaliingia Tabora tarehe 19 Septemba 1916, na askari na wapagazi wa Kongo wakachangamana na wenzao wa Afrika Mashariki.

Wakati huohuo ngoma ya beni ilikuwa ikienea. Jina lake lilitokana na neno la Kiingereza la bendi, na ilianzia katika miji ya pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19. Wachezaji walijipa vyeo vya kijeshi, wakajigawa katika makundi yaliyoshindana, yakiwemo Marini na Arinoti, na kutaniana kwa nyimbo. Terence Ranger aliandika historia yake katika kitabu kilichotoka 1975. Ninaitaja hapa kwa sababu utani mwingi kuhusu wachezaji, majigambo, vijembe na misemo ya kumshusha mpinzani, ulipata makao katika mashindano ya namna hiyo. Watu wanaosafiri na ngoma husafiri na maneno yake pia.

Jiwe linalotoka Kinshasa

Pwani si mlango wetu pekee. Upande wa magharibi tumepokea misemo ya muziki kutoka Kinshasa, na hapa tena swali la nani analipa ndilo linalofungua maana.

Anayesikiliza muziki wa Kongo amewahi kusikia wimbo wa mapenzi ukikatizwa ghafla na orodha ya majina: mfanyabiashara fulani, mwanajeshi fulani, ndugu fulani aliyeko Ulaya. Desturi hiyo huitwa libanga, yaani jiwe, na kwa Kilingala husemwa kwamba mwimbaji anatupa jiwe. Mwenye jina amelipa au anatarajiwa kulipa. Pamoja na libanga yuko atalaku, mpiga kelele wa bendi anayewachochea wachezaji. Jina lake latokana na Kikongo, lenye maana ya "tazama hapa", na lilipata umaarufu miaka ya 1980 kupitia Zaïko Langa Langa.

Linganisha libanga na kutunza. Katika vyote viwili pesa na jina vinakutana mbele ya watu, lakini njia ni kinyume. Katika kutunza, wimbo unakuja kwanza na pesa inafuata. Msanii ndiye anayepandishwa. Katika libanga, pesa inakuja kwanza na jina linafuata. Tajiri ndiye anayepandishwa. Huku kwetu harusi moja inaweza kuwa na vyote viwili, na utani wa harusini unaishi katikati yao. Mwenye jina lililotajwa mara tatu bila kuinuka hutaniwa kwamba ameokota jiwe la bure. Asiyetajwa kabisa hutaniwa kwamba mfuko wake hauna masikio. Mgeni kutoka pwani akiusikia utani huo atatabasamu kwa adabu tu, maana hajui jiwe ni nini.

Hata neno tunalotumia kwa pesa ndogo ya asante, matabishi, lina safari yake. Lilitoka katika Kireno, mata-bicho, yaani kumuua mdudu, na mwanzoni lilikuwa jina la tone la pombe la asubuhi. Kutoka pombe likawa bakshishi, na siku hizi mara nyingi ni jina la upole la rushwa. Ni vyema kukumbuka hili tunaposifu misemo yetu kwamba ni ya "mababu": babu wa neno anaweza kuwa baharia.

Zumari ya nani?

Mfano mzuri zaidi wa babu wa kuazima ni msemo unaopendwa na waandishi wa magazeti: amlipaye mpiga zumari ndiye achaguaye wimbo. Mara nyingi hutanguliwa na maneno "Waswahili husema". Zumari ipo kweli pwani, jina lake ni la asili ya Kiarabu, na sauti yake kali inajulikana katika ngoma za huko. Basi msemo unaonekana wa kwetu kabisa.

Uupeleke uwanjani uone kama unasimama. Katika desturi ya kutunza, hakuna mlipaji mmoja. Wanatoa wengi, wanatoa kidogo kidogo, na wanatoa baada ya kusikia. Hata mwenye harusi aliyeita kundi huwa hana amri juu ya kila wimbo. Anayeinuka kutunza anauitikia wimbo unaomgusa, pengine kwa kumlenga hasimu wake aliyeketi meza ya pili. Msemo wa mlipaji mmoja mwenye amri haukuota katika udongo huo. Umetafsiriwa kutoka Kiingereza, ambako msemo huohuo wa mpiga filimbi na mlipaji wake ni wa zamani. Zumari ni kanzu tu uliyovishwa uliposhuka bandarini.

Sisemi kwamba msemo wa kuazima haufai. Unafaa sana, hasa unapoutumia kwa mashirika na wafadhili, na ukiutumia kwa libanga utaona kwamba unakaribia kuwa kweli. Ninachosema ni kwamba "Waswahili husema" si ushahidi. Na hilo si letu peke yetu. Wacheza tamthilia wa Ufaransa hutakiana heri kwa neno merde, yaani kinyesi, na husimuliwa kwamba zamani farasi wengi waliofunga magari mlangoni pa ukumbi waliacha kinyesi kingi, hivyo kinyesi kilikuwa dalili ya watazamaji wengi. Hadithi hiyo inachekesha, na ndiyo sababu inatakiwa kuchunguzwa. Hadithi ya asili inayochekesha mno mara nyingi imezaliwa baada ya msemo wenyewe.

Ngozi na kiti

Tuje sasa kwenye ngoma yenyewe, kile chombo. "Ngoma ikivuma sana hupasuka." Wengine husema "ikilia sana haikawii kupasuka". Asili ya msemo huu iko mikononi mwa fundi. Ngozi iliyolegea hutoa sauti nzito isiyofika mbali. Ili ilie, huivuta au huiweka karibu na moto ikakaza, na sauti hupanda. Lakini ngozi ina mpaka wake. Ngoma inayolia kwa sauti kali kuliko zote uwanjani ndiyo ambayo ngozi yake imekaza kuliko zote, kwa hiyo ndiyo iliyo karibu zaidi kuchanika. Msemo hauna fumbo hapo, ni onyo la kazi.

Fumbo liliingia kupitia kitenzi. Kuvuma ni kutoa sauti nzito ya kuenea, kama upepo au ngoma, na kuvuma ni kusifika kwa watu, kama katika "Avumaye baharini papa". Mtu mwenye sifa nyingi akawa ngoma, na fundi akageuka mshauri wa wenye majivuno. Lugha ambayo haina kitenzi chenye maana hizo mbili ingeweza kuwa na onyo la fundi, lakini isingepata methali hii kwa urahisi huo.

Ukivuka Ruzizi kwenda Burundi, au ukikaa upande wetu na wasemaji wa Kirundi, maana inaongezeka tena. Kwa Kirundi ingoma ni chombo, na ingoma ni utawala. Kinyarwanda nacho kina maana hizo mbili. Huu si mchezo wa maneno tu. Ufalme wa Burundi ulikuwa na ngoma yake takatifu, Karyenda, kama Rwanda ilivyokuwa na Kalinga, na Nkore ya Uganda ilivyokuwa na Bagyendanwa. Picha ya Karyenda ilikuwa katikati ya bendera ya Burundi wakati wa uhuru mwaka 1962. Ufalme ulipoondolewa mwezi Novemba 1966, ngoma nayo iliondolewa kwenye bendera. Hata mti wa kuchongea ngoma unaitwa umuvugangoma, jina linaloungana na kusema na ngoma. Na mambo hayo hayajapita. Mwaka 2014 UNESCO iliingiza ngoma ya kifalme ya Burundi katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Mwaka 2017 amri ya rais ikakataza wanawake kuzipiga ngoma hizo na kuyataka makundi yawe na ruhusa ya serikali. Serikali haitungi amri kwa ajili ya kitu kisicho na uzito.

Kwa hiyo mzee aliyelelewa kwa Kirundi akisikia "Ngoma ikivuma sana hupasuka", anaweza kusikia kwamba utawala unaojivuna utavunjika. Aliyesema alikuwa anamtania kijana mwenye viatu vipya. Aliyesikia amesikia habari ya kiti. Katika bonde letu hilo si jambo dogo. Mwaka 2012 mwami wa sheferi ya Bonde la Ruzizi aliuawa, na ugomvi wa kiti kati ya Warundi na Wafuliiru ukazidi kuwa mkali. Katika hali hiyo utani wa ngoma unapaswa kupimwa kabla ya kutamkwa. Wazee wetu wanaujua upimaji huo. Nimewaona wakianza msemo, wakitazama nani ameketi, na kuumaliza kwa njia nyingine.

Usiku ambao ngoma hukesha

Msemo wa tatu ni "Ngoma ya watoto haikeshi". Tunaambiwa maana yake ni kwamba jambo lisilo na watu wazima halidumu. Uwanja wake uko wazi: ngoma kamili ilikuwa ya usiku kucha. Watoto walicheza ya kwao mapema jioni kwa makopo na madebe, kisha ikafa kwa usingizi, kwa ugomvi au kwa sauti ya mama anayeita. Tofauti kati ya ngoma mbili ilikuwa ni alfajiri.

Lakini msemo huu unadai usiku ulio salama, na hapo ndipo kizazi changu kilipopoteza uwanja. Wengi wa umri wangu, miaka 24, tunaujua msemo na hatujawahi kuona ngoma iliyokesha. Miaka ya vita ilitufundisha kuwa ndani jua linapozama. Mikusanyiko ya usiku iliyobaki ni miwili, kilio cha msiba na ibada. Nayo ibada haikuachwa. Jioni ya tarehe 6 Juni 2014, Mutarule, watu zaidi ya 30 waliuawa, wengi wao wakiwa wamekusanyika nje kwa ibada. Walikuwamo wanawake na watoto. Sitaeleza zaidi, kwa sababu wanaohusika wapo hai na makala haya ni ya lugha. Ninalitaja kwa sababu mwanaisimu hawezi kuandika kwamba methali "inapotea kwa sababu ya utandawazi" wakati anajua sababu nyingine. Msemo unaohitaji usiku hauwezi kuishi mahali ambapo usiku umenyang'anywa.

Nikirudi nyumbani nawasikia watoto wakitaniana kwa msemo huo bado. Wanautumia kwa mechi zao za jioni: kundi likifungwa mapema, lingine hulicheka kwamba ngoma yao haikeshi. Maneno yamepona kwa kuhamia mchezo mwingine, unaomalizika kabla ya giza.

Kwao ni wapi?

Sasa turudi kwenye neno tulilolianza. Likizo iliyopita nilimuuliza mzee mmoja wa kijijini, mtu aliyepiga ngoma harusini kwa miaka mingi katika nyumba za makabila yote, methali hii inasema nini.

"Papa, kwao ni wapi?"

Alinijibu kwa Kiswahili chetu: "Kwao, mtoto wangu, ni fasi wanakuitikia."

Fasi ni mahali. Kuitikia ni kazi ya kundi linalomjibu mwimbishaji. Jibu hilo lilinifanya niangalie sarufi upya, na sarufi iko upande wake. Methali haisemi "mcheza kwake". Katika Kiswahili, kwangu, kwako na kwake ni nyumba ya mtu mmoja, mlango na ufunguo. Kwetu, kwenu na kwao ni mahali pa asili, na daima ni wingi, hata anayesema akiwa mmoja. Kirundi hufanya vivyo hivyo: iwacu, kwetu, ndilo neno la nyumbani. Mcheza ni mmoja, lakini kwao ni kwa wengi. Umbo la neno lenyewe linatuambia kwamba mahali hapo hapawi kwao mpaka wawepo wengine wa kuinuka na wa kuitikia.

Tukiunganisha hilo na maana ya zamani ya kutunza, methali inarudi kwenye uwanja wake: anayecheza mbele ya watu wanaomjua hupewa heshima yake. Kinachohesabiwa ni kujuana, na kujuana hujengwa kwa harusi na misiba iliyokwendwa, pande zote mbili. Mfuliiru aliyetunza kwenye harusi ya Mrundi, na Mnyamulenge aliyekwenda kwenye kilio cha Mbembe, wamekwisha kufanya sehemu ya kazi hiyo. Anayeitumia methali kusema "huyu si wa hapa, asilindwe" ameongeza maana mbili ambazo hazikuwamo: amegeuza zawadi kuwa ulinzi, na kujuana kuwa ukoo. Tuna haki, kama wanafunzi wa lugha, kumwambia hivyo kwa ushahidi. Hatuna uwezo wa kumnyang'anya silaha mtu kwa etimolojia, lakini tunaweza kukataa methali zetu zisitumike kama cheti cha kuzaliwa.

Kwa wenzangu wa kitivo wanaojiandaa kwenda kukusanya misemo, nina pendekezo la kazi. Tusirudi na orodha ya methali na "maana yake" peke yake, kama tulivyozoea tangu W. E. Taylor alipochapisha mkusanyo wake wa semi za Kiswahili mwaka 1891. Kila msemo wa ngoma tuandike pamoja na mambo manne: nani alilipwa na wakati gani, chombo kilitengenezwaje, ulitumika saa ngapi za mchana au usiku, na kila neno lake lina maana gani katika lugha nyingine ambazo msikilizaji anazijua. Jambo la nne ndilo hupuuzwa zaidi, na katika miji kama Uvira ndilo muhimu zaidi, kwa sababu hakuna anayesikia kwa lugha moja.

Iko methali nyingine ya ngoma ambayo ningependa isikike zaidi bondeni kwetu: "Kuimba kupokezana." Uwanja wake unajulikana Afrika nzima ya Kibantu. Mmoja huanzisha, wengine huitikia. Akichoka, mwingine huupokea wimbo, na wimbo haukatiki. Mwimbishaji asiyekubali kupokelewa huishia kuimba peke yake, na asiyekubali kuitikia hatakuwa na wa kumwitikia zamu yake itakapofika. Hakuna hadithi ya kuchekesha kuhusu asili ya methali hii, na haihitajiki. Kila Jumapili, katika kila kanisa la bonde, na kila harusi inayomalizika kabla ya jua kuzama, asili yake inaonekana wazi.